Kumi na Moja kwa Mia

Habari kwamba karakana yake inafungwa, Bi Magego aliipata kutoka kwa mtu aliyekuja kununua tanuri.

Alikuwa ameinamia meza, akipanga kwenye nta meno ya bandia, ya juu, ya bibi mmoja aliyetaka arudishiwe tabasamu lake la zamani, lenye pengo katikati, maana bila lile pengo, alisema, wajukuu hawatamjua. Kazi ya namna hiyo haitaki pupa. Jino likizidi mwenzake kwa unene wa unywele tu, mwenye mdomo atalijua kabla hajameza mate. Ndiyo maana Bi Magego alikuwa na tabia ya kufumba macho na kupitisha ncha ya kidole cha shahada juu ya meno, polepole, akisikilizia. Macho hudanganywa na mwanga, alikuwa akisema. Kidole hakina haja na mwanga.

Mlango ukagongwa. Akaingia fundi mwenzake kutoka upande wa pili wa mji, mwanamume mnene mwenye vumbi jeupe kwenye nyusi hata siku za mapumziko. Watu wote wa kazi ile walimwita Bwana Plasta.

"Dada yangu, pole sana. Pole kabisa."

"Karibu. Pole ya nini tena?"

Alikuwa amezoea pole. Tangu apasuliwe kutolewa uvimbe kwenye titi la kushoto, pole alizopewa zingetosha kufungulia duka. Lakini hii ilikuwa na jambo lake. Aliyeitoa alikuwa anaangalia tanuri.

"Hii bado inashika moto vizuri?" aliuliza Bwana Plasta.

"Kuliko yako. Kwa nini?"

"Basi nisizunguke mbuyu. Nimesema nije mimi kistaarabu, kabla mafisi hawajafika. Hiyo tanuri, na ile mashine ya kung'arishia. Bei utataja wewe. Mimi siwezi kumkandamiza mgonjwa."

"Nani amekwambia nauza?"

"Si unafunga?"

"Nani amekwambia nafunga?"

Bwana Plasta akageukia rafu kana kwamba msaada ungetoka huko. Rafuni palikuwa na mataya ya plasta, safu juu ya safu, yote yamekenua. "Kwangu midomo ni mingi," Bi Magego alipenda kuwaambia wageni, "lakini hakuna hata mmoja unaosengenya." Sasa ilionekana midomo ya nje ilikuwa imefanya kazi hiyo kwa niaba.

"Daktari wa Meno aliniita," alisema Bwana Plasta, sauti ikipungua. "Yule mteja wako mkubwa. Akaniambia kazi zake zote sasa nitafanya mimi. Kaka yako alimpigia, yule Mwalimu Mkuu. Alimwambia majibu yametoka na ni mabaya, kwamba unaanza dawa kali wiki ijayo, na usisumbuliwe na mambo ya kazi."

"Majibu yapi?"

Bwana Plasta alifungua mdomo, akaufunga, akaufungua tena.

"Mama yangu! Hujaambiwa?"

"Naambiwa sasa hivi. Na wewe."

"Mimi sijasema kitu."

"Umesema. Kaa hapo kwenye kiti umalizie."

Lakini Bwana Plasta hakuwa na la kumalizia, ila kwamba hata kwenye duka la vifaa vya meno watu walikuwa wanajua, na kwamba mtu mmoja alikuwa ameshaanza kutaja mchango. Aliondoka akiomba radhi kinyumenyume mpaka mlangoni, akagonga kizingiti kwa kisigino. Bi Magego akafunika nta kwa kitambaa. Tabasamu la bibi lingengoja.

Kipimo chenyewe hakikuwa siri kwake. Yeye ndiye aliyekikubali. Baada ya upasuaji, daktari wa kliniki ya saratani, mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini, alikuwa amemkalisha peke yake na kumweleza bila haraka. Uvimbe ulikuwa mdogo, umekamatwa mapema, unalishwa na homoni, na tezi za kwapani zilikuwa safi. Mionzi angepata, na vidonge vya kuzuia homoni angemeza kwa miaka. Swali lililobaki lilikuwa moja: je, na dripu za kemo, zile dawa kali za saratani, pia?

"Zamani tungekupa tu, kwa usalama," daktari alikuwa amesema. "Siku hizi tunauliza uvimbe wenyewe kwanza. Kila chembe ya mwili ina kitabu kizima cha maagizo, yaani jeni. Lakini hakuna chembe inayosoma kitabu chote. Maabara watachukua kipande cha ule uvimbe tulioutoa, waangalie kurasa gani zimefunguliwa na zinasomwa kwa kelele kiasi gani. Kurasa za kuzaliana haraka zikisomwa kwa kelele, namba inapanda. Zikinong'ona, namba inashuka. Namba inakwenda kutoka sifuri mpaka mia. Tunaomba ikae chini."

"Ikikaa chini?"

"Vidonge vinatosha. Dripu hazitakuongezea kitu cha maana."

"Ikipanda?"

"Tutazungumza dripu."

Hapo Bi Magego alikuwa ameuliza swali lake, lile la fundi. Alikuwa amesikia kwamba dawa nyingine za dripu hufanya vidole vife ganzi. Daktari hakumficha. Ndiyo, zipo zinazofanya hivyo. Kwa wengi ganzi huondoka baada ya muda. Kwa wachache hubaki. Bi Magego aliviangalia vidole vyake, akasema kama ni lazima itakuwa lazima, ila atataka kujua mapema, ajipange. Daktari akamwahidi.

Kwa hiyo alingoja. Kipande cha uvimbe kilipelekwa maabara ya mbali, na wiki zikapita. Kila alipouliza, kaka yake alimjibu kwa simu: "Bado, mdogo wangu. Mambo ya maabara hayo. Vuta subira." Alimuuliza kaka yake kwa sababu kliniki ilikuwa na namba ya kaka yake. Siku ya kwanza pale mapokezi, kabla hajafungua mdomo, Mwalimu Mkuu alikuwa amewaambia: "Andikeni namba yangu, mimi ndiye msemaji wa familia." Na kweli alikuwa msemaji wa familia, tangu baba yao alipofariki. Alisemea mahari, alisemea misiba, alisemea ugomvi wa mipaka. Haikumpitia Bi Magego akilini kwamba siku hiyo kaka alikuwa amekabidhiwa na mwili wa dada yake pia.

Sasa akitembea kuelekea nyumbani, mkoba kwapani, alianza kuona mambo aliyokuwa anayatazama bila kuyaona. Mama yao mzazi kuhamia kwake ghafla, eti kwake kuna joto. Watoto, waliozoea kugombania kila kitu, kuwa na adabu kama wageni. Mumewe kuosha vyombo. Miaka yote ya ndoa mwanamume yule alijua sinki kama njia tu ya kupita kwenda mlango wa nyuma.

Alimkuta jikoni, mikono imo ndani ya povu.

"Weka hiyo sahani chini," alisema Bi Magego.

"Umerudi mapema, mama watoto. Hujisikii vizuri?"

"Majibu yangu yametoka lini?"

Sahani haikuwekwa chini. Ilitumbukia yenyewe. Mumewe, fundi wa majokofu, mtu wa maneno machache, alijipangusa mikono kwenye suruali, na Bi Magego akaona kwa namna anavyoepuka macho yake kwamba hakuna haja ya kuuliza kama alijua. Hilo ndilo lililomchoma kuliko yote. Kaka ni kaka. Lakini huyu alilala naye kitanda kimoja, akamsikia usiku akigeuka huku na huku, akasema "lala, majibu yatakuja," na majibu alikuwa nayo.

"Kaka yako alisema ..."

"Sijauliza kaka yangu alisema nini. Nimeuliza lini."

"Mwezi huu ulipoanza."

"Na leo ni lini?"

Kutoka sebuleni mama yake Bi Magego akaita, sauti imejaa kilio kilichokuwa tayari: "Mwanangu, usimkemee mwenzio. Tulikubaliana wote. Mgonjwa haambiwi kila kitu. Moyo ukivunjika, dawa haishiki."

"Mlikubaliana wote," alisema Bi Magego. "Wote hao ni nani?"

Ikawa wote ni wote. Kulikuwa na kikao. Kilifanyika nyumbani kwa Mwalimu Mkuu siku ambayo yeye aliambiwa wanajadili paa la nyumba ya mama. Alikumbuka hata alivyotuma mchango wake wa hilo paa.

Alimpigia kaka yake, akamwambia aje. Mwalimu Mkuu alikuja kabla chai haijapoa, bado na tai yake ya shuleni. Alikuwa mtu mrefu aliyezoea vyumba kunyamaza akiingia. Alimtazama dada yake, akamtazama shemeji yake, akajua.

"Nani amevujisha?"

Ndilo lililokuwa neno lake la kwanza. Bi Magego alikaa nalo kidogo, maana hakuwa mtu wa kurukia hukumu. Alijaribu kutafuta ndani yake upendo. Ulikuwemo, lakini ulikuwa umevaa tai.

"Kaka, kaa. Niambie majibu yangu."

"Mdogo wangu, haya mambo ni ya kitaalamu. Tumeyashughulikia. Jumatatu una nafasi kwenye kliniki ya kijana mmoja niliyemfundisha, kijana hodari, hasomi hasomi lakini mikono anayo ... hapana, niseme, anasoma pia. Ameniahidi utaanza dripu siku hiyohiyo. Hatukutaka ungoje foleni."

"Ameyaona majibu?"

"Nimemweleza kwa mdomo."

"Umemweleza nini?"

Mwalimu Mkuu akavua miwani. Macho yalikuwa yamelowa, na kilio kile hakikuwa cha kuigiza. Siku karani wa kliniki alipompigia, alikuwa amejifungia ofisini mwake na kumwambia katibu asiingize mtu.

"Umepata kumi na moja," alisema.

"Kumi na moja?"

"Kwa mia, mdogo wangu. Kumi na moja kwa mia." Akapangusa miwani kwa tai. "Nilimuuliza karani mara mbili. Nikasema labda ni kumi na moja kwa ishirini, basi mtu ana pa kushikilia. Akasema hapana, kwa mia. Maisha yangu yote nasahihisha karatasi. Najua kumi na moja kwa mia ni mtu wa namna gani. Huyo haamki. Huyo unamwita mzazi."

Mama yao akaanza kulia kwa sauti. Mumewe akatazama sakafu. Na Bi Magego, katikati yao, alihisi kitu kinapanda kutoka tumboni, akadhani ni kilio, kumbe kilikuwa kicheko. Kikamtoka vibaya, kikali, kama kikohozi.

"Kumi na moja!" alisema. "Ninyi watu! Kumi na moja ni nzuri!"

Hakuna aliyecheka.

"Huo si mtihani, kaka. Ni namba ya kelele. Inakwenda kutoka sifuri hadi mia, na juu ndiko kubaya. Daktari alinieleza mwenyewe, mimi na yeye, uso kwa uso. Kumi na moja maana yake uvimbe ulikuwa mpole. Maana yake sihitaji dripu!"

Mwalimu Mkuu alivaa miwani yake taratibu. Alimtazama mama yao, kisha mume, kisha akasema kwa ile sauti ya kumwita mzazi:

"Mnaona? Ndicho nilichowaambia. Mgonjwa akipata habari nzito, kitu cha kwanza ni kukataa. Ni kawaida. Tusimlaumu."

"Mwanangu," alisema mama yao, "kubali tu. Tuko pamoja."

"Mama, nakwambia ..."

"Kubali, mwanangu."

Alimgeukia mumewe. "Na wewe?"

Mumewe alisugua shingo. "Kaka ni msomi, mama watoto. Na kumi na moja ... hata kwenye betri, ikisoma kumi na moja kwa mia, unaitafutia chaja."

Bi Magego alisimama. Hasira aliyokuwa nayo haikuwa ya kupiga kelele. Ilikuwa ya kubana, kama koleo. Katika nyumba nzima, katika ukoo mzima uliokaa kikao, kulikuwa na mtu mmoja tu aliyefundishwa kusoma ile namba. Na huyo mmoja ndiye waliyemficha. Hawakumuuliza hata swali dogo. Wangemwambia namba ile siku ileile, wangelala usingizi wote. Badala yake walikuwa wamekaa karibu mwezi mzima wakiomboleza habari njema, na leo anapowapa tafsiri, wanamwambia ugonjwa ndio unaomsemesha.

"Kesho asubuhi nakwenda kliniki," alisema. "Peke yangu. Na Jumatatu, huyo kijana wako hodari akanitafute."

"Mdogo wangu, nafasi ile nimeiomba kwa magoti ..."

"Ulipiga magoti yako. Mkono utakaochomwa sindano ni wangu."

Asubuhi alikuwepo mapokezi kabla benchi halijajaa. Karani, msichana mwenye kalamu nyuma ya sikio, alipotafuta kwenye kompyuta alishangaa.

"Lakini nyumbani kwenu tulishawaambia. Tulisema mgonjwa afike daktari akirudi likizo. Daktari amerudi siku nyingi. Tukapiga tena, mzee akasema mgonjwa anashughulikiwa kwingine."

"Mzee hana titi lenye matatizo," alisema Bi Magego. "Mimi ndiye ninalo. Mlinipigia mimi?"

"Sisi hupiga namba iliyoandikwa, mama."

Wanawake kwenye benchi waliinua vichwa. Mmoja, aliyefunga kitambaa kichwani, alisema kwa sauti ya chini lakini ya kusikika: "Mwulize tena huyo. Mwulize na kwa ajili yetu." Mwingine akaguna kukubali.

Daktari alipomwita, Mwalimu Mkuu na mumewe walikuwa wameshafika, wanahema, tai ikiwa imekaa upande. Bi Magego hakuwafukuza. Alitaka wasikie.

"Nilidhani umetuhama," alisema daktari, akimpa mkono. "Nimekungoja. Majibu yako ni kumi na moja. Hongera sana."

Mwalimu Mkuu alisogea mbele ya kiti. "Samahani, daktari. Kwa mia?"

"Kwa mia."

"Na ... angepata tisini?"

"Tisini! Ningekuwa na huzuni kubwa."

Kaka akaegemea nyuma. Alionekana mfupi ghafla. Mumewe alifunika uso kwa viganja viwili, mabega yakaanza kutikisika.

Daktari akamgeukia Bi Magego, na kwa kuwa alikuwa mtu mwaminifu, hakuipamba ile namba. Haikuwa na maana kwamba ugonjwa hauwezi kurudi kabisa. Hakuna kipimo kinachoahidi hivyo. Ilikuwa na maana kwamba uwezekano wa kurudi ni mdogo akimeza vidonge bila kuruka, na kwamba, kwa mtu wa umri wake na uvimbe wa aina yake, dripu zisingeupunguza uwezekano huo kiasi cha kustahili taabu yake. Angechoka, angepoteza nywele, pengine na hisia za vidole, bila faida ya kuonyesha.

"Ila," alisema, na uso ukabadilika, "mambo mawili yamechelewa. Vidonge ungekuwa umeshaanza. Na mionzi ungekuwa umeshapangiwa siku. Hatujaharibikiwa, bado tuko ndani ya muda, lakini sikupenda kukupoteza hivi. Kwa nini hukuja?"

Bi Magego alikuwa amejiandaa kwa swali hili njia nzima.

"Daktari, sikuja kwa sababu sikujua. Ulinikalisha kwenye kiti hikihiki, ukanieleza mimi. Uliniahidi nitajua mapema. Kisha majibu yalipokuja mkampigia mwanamume ambaye hamkumweleza chochote. Mlinipasua mimi. Kipande kilichokwenda maabara ni changu. Hizo jeni mlizozisikiliza zikinong'ona ni zangu. Zimesikika maabara ya mbali huko, zimesikika kwa karani, kwa kaka, kwa mama, kwa daktari wa meno, mpaka dukani. Mwenye nazo ndiye aliyekuwa wa mwisho. Mnaona sawa?"

"Familia nyingi zinatuomba tuwaambie wao kwanza," alianza daktari. "Na tuna utaratibu wa ..." Akaacha. Akatazama mikono yake juu ya meza. "Hapana. Si sawa. Nilikuahidi, na sikufuatilia. Nisamehe."

"Nitakusamehe ukishabadilisha hiyo namba. Na wale walio nje kwenye benchi waulizwe kila mmoja, yeye mwenyewe, anataka apigiwe nani."

Daktari alimwita karani. Namba ikabadilishwa mbele ya macho ya Bi Magego. Karani akaitaja moja moja, na yeye akaijibia moja moja. Akapewa cheti cha vidonge na siku ya kwenda kupimiwa mionzi.

Walipotoka kwenye korido, Mwalimu Mkuu alimshika bega. Uso ulikuwa umeng'aa, kama mtu aliyetua mzigo na sasa anatafuta wa kumpongeza.

"Mungu mkubwa! Basi yamekwisha. Nitaitisha watu Jumapili, tushukuru. Nitasema maneno machache kwa niaba ya familia ..."

"Hutasema kitu kwa niaba yangu."

"Mdogo wangu, usiwe na kinyongo. Nilikosea kusoma namba. Nani hakosei? Nia yangu ilikuwa njema."

"Najua ilikuwa njema. Kama watu wangehukumiwa kwa nia, ningekupa mia kwa mia." Aliutoa mkono wake begani, bila kuusukuma. "Lakini sina shida na namba, kaka. Tuseme ingekuwa kweli mbaya. Tuseme ingekuwa tisini. Bado ungekuwa umenificha. Ningepelekwa Jumatatu kama mbuzi, nadungwa sindano bila kujua kwa nini, na karakana yangu imegawanywa kabla sijafika nyumbani. Hilo ndilo ulilokosea. Kaa hapo kwenye benchi."

"Nikae?"

"Kaa. Toa simu. Ulimwambia nani na nani?"

Mwalimu Mkuu alimtazama shemeji yake kuomba msaada. Fundi wa majokofu, ambaye macho yalikuwa bado mekundu, alitikisa kichwa. "Mimi nimeshaharibu vya kutosha," alisema. "Fanya anavyosema, shemeji. Mimi zamu yangu najua inanisubiri nyumbani."

"Inakusubiri," alisema mkewe, bila tabasamu.

Wa kwanza alikuwa Daktari wa Meno. Mwalimu Mkuu alikohoa, akaweka sauti ya gwaride. "Habari za asubuhi, daktari. Nakupigia kuhusu lile suala la dada yangu. Kumetokea mkanganyiko mdogo wa kitaalamu katika ufafanuzi wa ..."

"Hapana," alisema Bi Magego. "Anza upya."

"... samahani, daktari, subiri kidogo." Akafunika simu. "Unataka niseme nini?"

"Kilichotokea."

Akajaribu tena. Alisema kulikuwa na taarifa zisizo kamili. Bi Magego akatikisa kichwa. Alisema karani hakueleza vizuri. Bi Magego akatikisa kichwa. Wanawake wa benchi la pili walikuwa wameacha kujifanya hawasikii. Mwenye kitambaa alikuwa amegeuka mzima mzima.

"Nilikosea," alisema hatimaye Mwalimu Mkuu ndani ya simu, na neno lile lilimtoka kwa shida, kama jino la nyuma. "Hali ya dada ni nzuri. Mimi ndiye niliyekosea. Hafungi karakana. Hakuwahi kufunga."

Alisikiliza. "Anasema kazi za mwezi ujao ameshampa mwingine," alimwambia dada yake kwa sauti ndogo. "Za baada ya hapo mtazungumza. Hawezi kuahidi."

Bi Magego aliipokea habari ile ilivyo. Ilikuwa hasara halisi, na hakutaka mtu yeyote pale aipake sukari.

"Anayefuata," alisema.

Aliyefuata alikuwa yule kijana hodari wa kliniki ya Jumatatu. Kisha duka la vifaa. Kisha walimu wenzake, maana chumba kizima cha walimu kilikuwa kimeambiwa. Kisha wanakwaya. Kisha binamu aliye ughaibuni, aliyekuwa ameshaanza kuulizia tiketi ya ndege na nguo nyeusi. Orodha haikuwa na mwisho, na kila simu ilikuwa fupi kuliko iliyotangulia, maana mtu akishajifunza kusema jambo, halimchukui muda. Mwalimu Mkuu alilegeza tai. Akaomba maji. Mumewe Bi Magego akamletea.

"Imebaki moja," alisema kaka. "Ya mama. Yuko nyumbani analia bado. Hii nipigie wewe, mdogo wangu. Habari njema aisikie kwa mwanawe."

"Wewe pia ni mwanawe. Kikao kiliitishwa na wewe."

Alipiga. Mama yao alipokea haraka, sauti yake ikisikika mpaka nje ya simu, akiuliza kama wamemkubalisha. Mwalimu Mkuu akamweleza kuhusu namba, kwamba chini ndiko kuzuri, kwamba hakuna dripu. Kukasikika kigelegele kirefu. Alitabasamu, akataka kukata.

"Bado hujamaliza," alisema Bi Magego.

"Nimemwambia kila kitu!"

"Mwambie jana nilisema kweli. Mwambie nilikuwa najua, na hamkuniuliza."

Mwalimu Mkuu alirudisha simu sikioni, akavuta pumzi.

"Mama," alisema, "bado upo? Kuna jambo lingine."